Kinanda cha mfukoni na makato yake

Konda wa daladala la Tabata ana ala tatu: sarafu, bati la gari na koo lake. Sarafu anazitikisa kumkumbusha abiria nauli, bati analipiga mara mbili suka aondoe gari, na kwa koo anaita vituo kwa mkato ambao hakufundishwa na mwalimu yeyote wa muziki. Jumamosi moja nilikaa siti ya jirani na mlango, kidude cha ukubwa wa kikokotoo kikiwa mapajani, dole gumba juu ya kitufe cha kurekodia. Tulipofika Kariakoo nilikuwa nimenasa sarafu, bati, "shusha!" mbili na mlio wa breki zilizochoka. Nikakaa kwenye benchi la mama ntilie, nikaagiza chai. Chai ilipopoa kiasi cha kunyweka, bati lilikuwa limeshageuka ngoma, sarafu zimekuwa kayamba, na konda anaitikia kila baada ya mapigo manne bila kujua kwamba ameajiriwa kwenye bendi.

Kidude hicho kinaitwa sampla. Kinanasa sauti iliyopo, kinaikata, kisha kinakupa uicheze kwa vidole. Ndugu yake ni sinthesaiza, ambayo hainasi kitu: inazaa sauti yenyewe kutokana na umeme, inaichuja na kuifinyanga hadi iwe filimbi, besi au mlio usio na jina. Zamani vyote viwili vilitaka chumba. Leo vinauzwa vya kuingia mfukoni, vinakula betri za rimoti, na kila nikikitoa changu hadharani kuna mtu atauliza maswali mawili, kwa mpangilio huu huu: "Hiyo ni ya mtoto?" na "Bei gani?"

La bei tutalifikia. La mtoto ndilo lililonifanya niandike.

Anayelipwa kwa mwezi atanielewa haraka. Mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira sio unaoingia benki. Katikati kuna makato. Kinanda kidogo nacho kina makato yake. Hakiingii mfukoni mpaka kuna vitu vimetolewa: vitufe, spika, matundu ya nyaya, kumbukumbu, skrini. Muuzaji atakutajia kilichobaki. Kilichokatwa utakikuta nyumbani, usiku, ukiwa umeshatupa risiti.

Sinthesaiza alizoanza kutengeneza Robert Moog huko Marekani mwaka 1964 zilikuwa makabati yaliyojaa nyaya zinazosokotana kama za fundi simu. Minimoog ya 1970 ililipunguza kabati likawa sanduku lenye kinanda mbele. Mwaka uliofuata kampuni ya EMS ya London ikatoa Synthi A, iliyofungwa ndani ya mkoba kama wa wakili. Mkoba huo, ulipoongezewa kinanda kwenye mfuniko, ndio Pink Floyd waliotumia kutoa ule mlio unaozunguka kichwani kwenye "On the Run" ya mwaka 1973. Basi vilibebeka, lakini vilibebwa na mwenye gari na mwenye fedha.

Waliokifikisha chombo hiki kwa mtu wa kawaida walikuwa watu wa vikokotoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Casio ya Japani ilitoa VL-1, yenye vitufe 29 vidogo kama vya kikokotoo kwa sababu kweli kilikuwa kikokotoo. Ungeweza kufunga hesabu za duka, ukasukuma swichi, ukapiga wimbo. Hata umbo la sauti, yaani ianze kwa kishindo au kwa kunyata, ikae muda gani, ififie vipi, uliliandika kwa tarakimu kama mtu anayejumlisha madeni. Mwaka 1982 kundi la Trio la Ujerumani lilikitumia kwenye "Da Da Da", na ule mdundo wake mwembamba ukasikika dunia nzima.

Sampla nayo ilishuka ngazi hizo hizo. Mwaka 1979 vijana wawili wa Sydney, Peter Vogel na Kim Ryrie, walitoa Fairlight CMI, kompyuta ya kunasa sauti iliyouzwa kwa bei ya kununulia nyumba. Miaka kumi haikupita, Casio ikaweka maikrofoni kwenye kinanda cha vitufe 32 kilichoitwa SK-1 na kukiuza madukani kama zawadi ya sikukuu. Kilinasa sekunde 1.4 tu. Sekunde 1.4 zinatosha kutamka "Bagamoyo" bila kujikwaa. Lakini mtoto akishasikia kikohozi cha babu yake kikipanda na kushuka kama piano, hamtamrudisha kwenye filimbi ya plastiki.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika ukoo huu ni ya Okuda Hiroko. Aliajiriwa Casio mwaka 1980 akitokea chuo cha muziki, alikokuwa ameandika tasnifu yake kuhusu rege. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutunga midundo ya kuwekwa ndani ya kinanda kidogo cha nyumbani, Casiotone MT-40, kilichoingia sokoni mwaka 1981. Mdundo mmojawapo ukapewa jina la "rock". Wanunuzi waliubonyeza, wakaupita. Miaka michache baadaye, Kingston, Jamaica, kijana Noel Davey alikuwa na kinanda hicho. Yeye na mwimbaji Wayne Smith wakauangukia ule mdundo, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy, na Jammy akaupunguza kasi. Februari 1985 wimbo "Under Mi Sleng Teng" ulipigwa kwenye mpambano wa disko za mtaani, na tangu usiku ule rege haikurudi ilikotoka. Wapiga besi na ngoma wa studio, watu waliolea familia kwa mikono yao, waliona kazi yao ikifanywa na kinanda cha betri. Nyimbo zilizotungwa juu ya mdundo huo ni mamia.

Kwa hiyo, ndiyo, ni kitu cha mtoto. Jamaica ilibadilishiwa muziki wake na kitu cha mtoto. Na tazama kilichofanya kazi pale: MT-40 ilikuwa na midundo michache isiyorekebishika ila kasi. Usingeweza kuifumua wala kuiharibu. Makato yake yaliwaangukia watu waliojua wanataka nini, yakawa faida. Yangemwangukia mwingine, kinanda kingeishia juu ya kabati chini ya kitambaa cha kusuka.

Sampla ndogo ina magwiji wake pia. Madlib, mtengeneza biti wa California, alikwenda São Paulo mwaka 2002 akiwa na Boss SP-303, santuri za sokoni, mashine ndogo ya kupigia santuri na rekoda ya kaseti. Biti alizozipika kwenye chumba cha hoteli ziliingia kwenye "Madvillainy" ya 2004, albamu ambayo wapenzi wa hip hop bado wanaijadili kama watu wa msikitini wanavyojadili darsa. Rafiki yake J Dilla naye anasimuliwa kwamba aliitengeneza "Donuts" yote akiwa kitandani hospitalini na sampla hiyo hiyo. Albamu ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku alipotimiza miaka 32, na siku tatu baadaye akafariki. Ni hadithi ya kutoa machozi. Mwandishi Dan Charnas, kwenye kitabu chake "Dilla Time" cha mwaka 2022, aliifuatilia na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilifanyika kabla ya hospitali, kwenye kompyuta. Sioni kama hilo linampunguzia Dilla chochote. Linatupunguzia sisi wanunuzi, tunaopenda kuamini kwamba kidude ndicho kilichofanya kazi.

Sasa tufungue hati ya makato.

La kwanza ni vidole. Vitufe vya kinanda kidogo vimefinywa, na hakuna mazoezi yatakayovipanua. MicroKORG ya mwaka 2002, iliyozagaa kwenye majukwaa ya dunia kuliko sinthesaiza nyingi, ina vitufe 37 vyembamba. Reface za Yamaha za 2015 zina idadi hiyo hiyo. Mtu aliyejifunzia kwenye kinanda cha kanisani akiweka mkono pale, kila akilenga noti anagusa na jirani yake. Volca za Korg, zilizoanza kutoka mwaka 2013, hazina hata vitufe vya kubonyea: ni bamba linalosikia mguso, hata ukigonga kwa hasira au kwa upole sauti ni ile ile. Kwa mpiga kinanda, huko ni kukatwa ulimi. Kwa mtengeneza biti asiyejua do wala re ni nafuu, kwa sababu hakuna anayemcheka. Mimi ni wa kundi hili la pili na sioni aibu.

Pamoja na vidole kuna macho. Kitufe kimoja kinapewa kazi nne: ukikibonya peke yake kinapiga ngoma, ukikibonya pamoja na kingine kinafuta, ukikishikilia kinahifadhi, ukikishikilia na kuzungusha kinabadili kasi. Skrini, kama ipo, inakuonyesha tarakimu tatu au katuni inayocheza. Ukikaa nacho kila siku mikono inakariri. Ukikiacha mwezi mmoja kwa sababu ya kazi au msiba, unarudi kama mgeni na kuanza kutafuta kitabu cha maelekezo.

La pili ni la betri. Niliambiwa kwamba ni la uzembe wangu, na sibishi. Binamu yangu alikuwa na sendofu. Nikajitolea kutengeneza mdundo wa kuingilia bibi harusi mtarajiwa. Nilizunguka wiki nzima na sampla yangu, chapa siitaji, nikinasa vigelegele: cha bibi, cha mashangazi wawili, cha jirani yetu Mmakonde ambaye chake kina kona mbili. Nikavipanga vikaitikiana. Siku yenyewe nikachomeka waya kwenye miksa, nikaingia kumpa ishara MC, niliporudi skrini ni nyeusi. Betri zilikuwa zimekwisha, na kazi ya usiku wa mwisho sikuwa nimeihifadhi. Nikakimbilia duka la jirani, nikarudi na betri zilizokuwa na vumbi la miaka miwili; kikawaka, kikanipigia mdundo wa juzi, wenye kigelegele kimoja na kikohozi changu. MC akaokoa jahazi kwa kuwaomba akina mama wapige vigelegele wenyewe. Vilikuwa vizuri kuliko vyangu.

Betri ndizo sifa na lawama ya vyombo hivi. Umeme ukikatika studio inanyamaza, kidude kinaendelea, na kwa mtu anayeishi kwa ratiba ya mgao hilo si jambo dogo. Volca hukaa takribani saa kumi kwa betri sita. SP-404MKII ya Roland, iliyotoka 2021, nayo huchukua sita lakini haifikishi saa nne, maana ina kazi nyingi tumboni. Betri za bei rahisi za barabarani zinakufa mapema zaidi. Zinazochajika ni ghali siku ya kwanza, zinalipa baada ya miezi michache. Vyenye tundu la USB vinanyonya pawabenki, ila angalieni: baadhi vikichomekwa hivyo huingiza mvumo mwembamba kwenye sauti, mzzz, kama mbu nyuma ya pazia.

La tatu halionekani mpaka siku ya kazi kubwa. Studio inataka ngoma kwenye mstari wake, besi kwenye wake, kinanda kwenye wake, ili fundi apandishe hiki na kushusha kile. Kidude cha mfukoni kina tundu moja, la hedifoni. Kila ulichotengeneza kinatoka kimechanganyika kama pilau, na hakuna fundi wa kukutolea mdalasini kwenye pilau iliyoiva. Unaweza kurekodi sauti moja moja, huku nyingine zimezimwa, ukaziunganisha baadaye. Nimefanya hivyo. Kazi ya saa moja ilichukua usiku mzima.

Kumbukumbu nayo hupimwa kwa kijiko. PO-33 ya Teenage Engineering, kampuni ya Stockholm, ilitoka mwaka 2018 ikiwa na nafasi ya sekunde 40 kwa sauti zote utakazonasa, betri mbili nyembamba na maikrofoni, bila hata kasha. Saketi iko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Sekunde 40 zinasikika kama tusi mpaka ukumbuke kwamba E-mu SP-1200 ya mwaka 1987, iliyojenga hip hop ya New York, ilikuwa na kumi tu. Watu walipiga santuri kwa kasi ya juu ili iingie, kisha wakaishusha ndani ya mashine, na ule mkwaruzo uliobaki ndio leo unaotafutwa kwa gharama kubwa. Kwa hiyo kato la kumbukumbu silihesabu sana. Linafundisha kuchagua.

Kato ninalolihesabu ni la nne, na sijaliona kwenye tangazo lolote.

Rafiki yangu anapiga kinanda kwenye kundi la taarab. Nilimwazima sinthesaiza yangu ndogo, ikakaa kwake wiki moja, akairudisha imefungwa vizuri kwenye mfuko. Nikamuuliza ina ubaya gani. "Inasema Kizungu tu," akanijibu.

Alikuwa na maana hii. Kinanda cha kawaida kinaigawa ngazi ya sauti vipande 12 vilivyo sawa. Makamu za Kiarabu ambazo taarab ilizirithi hazikubali zote kukaa ndani ya vipande hivyo. Nahawandi inapita bila shida, Hijazi inapita kwa kuvumiliana. Rasti na Bayati hazipiti, kwa sababu kila moja ina noti inayoangukia katikati ya vitufe viwili, pale ambapo kinanda hakina kitu. Udi hauna vizuizi shingoni, fidla haina. Kidole kinateleza hadi mahali pake. Kanuni ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi. Wazee wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, hawakuhitaji kuelezwa haya kwa hesabu. Kinanda kilipoingia kwa nguvu kwenye taarab ya kisasa miaka ya 1990 na kuchukua viti vya watu wengi jukwaani, noti hizo za katikati zilianza kukosa pa kukaa.

Watengenezaji wanajua. Yamaha wana mfululizo wa PSR-A na Korg wana Pa za Mashariki ya Kati, vinanda vyenye namna ya kushusha noti kwa robo huku unapiga. Lakini hivyo ni vinanda vya kubebwa mikono miwili, na mtu wa kukusaidia ngazi. Kwenye vile vidogo, uwezo huo mara nyingi ni wa kwanza kutolewa, kwa kuwa aliyeketi mezani kuamua kipi kitolewe hakuwa akimfikiria mpiga taarab wa Ng'ambo. Nafahamu kidogo kimoja kilichokwenda kinyume: Korg Monologue ya mwaka 2017, ya vitufe 25 na betri sita, ambayo ilitengenezwa kwa ushauri wa Richard D. James, Mwingereza anayejulikana kama Aphex Twin, na inakuruhusu kupanga kila noti utakavyo. Wakosoaji waliilaumu kwamba inapiga noti moja tu kwa wakati. Kwa taarab hilo si kosa hata kidogo: fidla, kodiani na kanuni huufuata wimbo mmoja kwa pamoja, kila mmoja na mapambo yake, hawagawani lundo la noti kama kwaya. Nimemwambia rafiki yangu. Anasubiri apate iliyotumika.

Nilisema swali la bei lina zamu yake. PO-33 huuzwa karibu dola 100. EP-133 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ilianza kwa dola 299. OP-1 field yao, chombo kizuri ajabu kinachofanana na kinanda cha kuchezea chenye vitufe 24, ilitangazwa mwaka 2022 kwa dola 1,999. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni nne, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa fedha hiyo kijana wa Mburahati anapata kompyuta, spika, maiki na kodi ya chumba cha kuviweka.

Na huko Mburahati ndiko ushahidi ulipo. Singeli haikusubiri kidude cha Stockholm. Ilipikwa kwenye kompyuta za mitumba, kwa programu kama FL Studio, ile iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, pamoja na vionjo vya taarab vilivyokatwa na kukimbizwa hadi mapigo 200 kwa dakika na kuendelea. Mkusanyo wa "Sounds of Sisso", uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ulizipeleka biti za studio ya Sisso kwenye kumbi za Ulaya. Vidude vingi vya mfukoni havijapangwa kwa kasi ile. Nikitaka singeli kwenye changu naweka nusu ya kasi na kuzibananisha ngoma mara mbili. Inawezekana, ila ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine kwenye mbio.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze na nini, akiwa hana kitu chochote na anataka kuishi kwa muziki, simzungushi: kompyuta kwanza, hata chakavu. Inamaliza wimbo. Kidude kidogo kinauanza, na mara chache sana kinaumaliza.

Mbona basi nina viwili? Kwa sababu kompyuta yangu ina WhatsApp, ina barua pepe za mhariri, ina picha za harusi ambazo sijazipanga, na ikifunguka tu tayari nimeshasahau nilichokuja kufanya. Kidude kinawaka sekunde mbili na hakina habari yoyote ya kunipa. Kompyuta pia haiendi daladalani. Sauti ya mpiga debe wa Buguruni, mchi wa kinu alfajiri, mwuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake kando ya barabara: hizo hazitakuja studio hata uzilipie teksi. Lazima uzifuate, na ukienda na kifaa kikubwa watu wanabadilika, wanasimama kama wanapigwa picha ya pasipoti. Kidogo hakimtishi mtu. Ila uombe ruhusa. Sauti ya mtu ni mali yake, konda akiwemo. Wangu nilimtafuta wiki iliyofuata nikamsikilizisha. Alisikiliza hedifoni moja, akacheka, akadai nauli.

Na kinafundisha. Mpwa wangu wa miaka tisa alielewa chujio la sauti kwa kuzungusha kifundo kimoja, bila neno la nadharia: kushoto sauti inaingia chini ya blanketi, kulia inatoka. Kwenye kompyuta kifundo hicho kimechorwa, tena kati ya vingine mia mbili.

Ukiamua kununua, nenda na hedifoni zako na ukae nacho dukani dakika kumi ukiwa umekataa kusaidiwa na muuzaji. Ukishindwa kutoa mdundo mmoja ndani ya dakika hizo, kiache, hata kama rangi imekuvutia. Uliza matundu: je, kinaweza kuendeshwa na kinanda kikubwa kupitia MIDI, na je, chenyewe kinaweza kuendesha kingine? Volca za mwanzo zilipokea MIDI lakini hazikutoa. Kama unapiga taarab, uliza kuhusu kupanga noti kabla ya kuuliza bei. Cha mkononi mwa mtu si kibaya, ukijaribu kila kitufe na kila kifundo mbele ya mwenyewe, kwa sababu mafundi wetu wanaweza kubadilisha tundu la hedifoni lakini vitufe vya mpira na skrini zake hazipatikani Kariakoo.

Vyangu siviuzi. Kuazima unaweza, ila njoo na betri zako.